Siz Pia Anataka Kampasi

Siku niliyoripoti kampasi, Septemba 2021, kulikuwa na begi mbili mlangoni kwetu Umoja. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya dadangu mkubwa, ile begi ya zambarau aliyokuwa anabeba shule. Ndani alikuwa ameweka kitabu cha kuandikia, kalamu tatu, sweta na chupa ya maji. Mathe akamuuliza anaenda wapi. Akajibu bila hata kufikiria: "Kampasi. Kwani si ni mimi mkubwa?"

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, na huo ndio ukweli unaonifanya niandike hii kitu leo.

Siz ana sindromu ya Down. Ana miaka 27. Anajua bei ya kila kitu kwa kibanda cha mathe, anajua nani ana deni na nani anajifanya amesahau, na akisikia honi ya matatu ya mtaa wetu anakuambia ni gari gani kabla hujaiona. Kusoma anasoma pole pole. Hesabu ya kuandika inamsumbua, ya pesa mkononi haimsumbui. Ukimweleza kitu kwa haraka anapotea. Ukimweleza vizuri, mara mbili tatu, kinakaa, na hakitoki.

Mimi nilikaa kampasi mwaka mmoja na nusu nikatoka. Sitaki kuwadanganya ati ni karo peke yake. Karo ilikuwa ngumu, ndio, lakini pia nilichoka, na nilikuwa nimeingia kozi ambayo sikuitaka. Kile kiti nilipewa, nikakiacha. Na wakati wote huo hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nafaa kuwa hapo. Siz ameulizwa hilo swali maisha yake yote, na kila mara wanaojibu ni watu wengine.

Basi nitasema yangu wazi, halafu mniangukie: vyuo vikuu vya Kenya vinafaa kufungulia watu wenye ulemavu wa akili mlango. Sisemi siku moja kwa mwaka ya kupiga picha na fulana zinazofanana. Sisemi pia karakana ya kushona mikeka nyuma ya shule. Nasema kampasi, darasani, mesini, uwanjani, kwenye klabu za wanafunzi.

Kwanza tuelewane. Ulemavu wa akili sio ugonjwa wa akili. Wasee wengi mtaani wanachanganya hizi vitu mbili, na hiyo ndiyo inafanya mtu akimwona Siz stage anashika mkoba vizuri. Mtu mwenye ulemavu wa akili anajifunza, ila kwa mwendo wake, na kuna mambo atahitaji msaada zaidi yetu. Ni hivyo tu. Haambukizi, hachizi, na sio mtoto. Siz ni mwanamke wa miaka 27 na anachukia sana ukimwita "kababy".

Sasa angalia njia aliyopitia. Elimu ya msingi bila malipo iliingia 2003, na watoto wengi waliokuwa wanafichwa nyumbani wakatolewa. Siz alikuwa mmoja wao. Akapelekwa kitengo maalum ndani ya shule moja ya msingi hapa Eastlands, darasa moja kwa wote, wadogo na wakubwa pamoja. Alikaa huko miaka na miaka. Wenzetu walipokuwa wanafanya KCPE, yeye alikuwa anatengeneza shanga. Alipofika miaka 18 wakamwambia mathe kwamba sasa amekuwa mkubwa, amchukue. Hakukuwa na mtihani, cheti, wala sherehe. Shule ilimalizana naye kabla yeye hajamaliza shule.

Mathe hakukubali. Alimpeleka chuo kimoja cha ufundi kuuliza kuhusu kozi ya upishi. Jina la hicho chuo naliacha. Mtu wa ofisini hakuongea na Siz hata neno moja. Alimwangalia mathe akasema, "Mama, huyu ataumia na visu." Siz amekuwa akikatakata sukuma wiki ya wateja tangu akiwa na miaka 14, nyembamba kama nywele. Walirudi nyumbani na matatu, na mathe hakusema kitu hadi wakafika.

Mtu atasema hiyo ni zamani, siku hizi kuna CBC, ambayo sasa wanaiita CBE. Sawa, nakubali, kuna hatua. Kwenye huo mtaala wanafunzi kama Siz wana njia yao inayoenda kwa ngazi badala ya umri: ngazi ya msingi, ya kati, ya kabla ya ufundi, kisha ya ufundi. Hiyo ni afadhali kuliko shanga. Lakini ifuatilie hiyo njia hadi mwisho uone inaishia wapi. Inaishia kwa ufundi. Ile ya wengine inaendelea sekondari ya juu kisha inafika chuo kikuu. Mtoto wa miaka sita anawekwa kwa njia ambayo tayari imeamua hatawahi kuona kampasi. Ufundi ni kazi safi kabisa, na mimi mwenyewe fundi akikuja kunirekebishia taa namheshimu kuliko mbunge. Shida ni moja tu: kwa wengine ufundi ni chaguo, kwa Siz ni ukuta.

Na sheria zinasemaje? Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ana haki ya kufikia taasisi za elimu zilizojumuishwa ndani ya jamii, kadiri inavyofaa maslahi yake. Maslahi yake yeye, hayo ni maneno muhimu, sio maslahi ya msajili wa chuo. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Halafu 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, na Kifungu cha 24 cha huo mkataba kinataja elimu ya juu waziwazi, pamoja na mafunzo ya kazi na elimu ya watu wazima, bila ubaguzi. Hakijasema "isipokuwa wale wa ulemavu wa akili". Hapo "isipokuwa" tuliweka wenyewe, kimya kimya, bila kupitisha bungeni.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha digrii ya elimu maalum. Maseno vilevile. KISE pale Kasarani imekuwa ikifunza walimu wa elimu maalum tangu 1986. Kwa hivyo kuna kumbi za mihadhara hapa Kenya ambapo watu wanasomea maisha ya Siz, wanaandika tasnifu juu yake, wanavaa joho kwa sababu yake. Yeye mwenyewe akitokea getini na begi yake ya zambarau, askari atamuuliza amepotea?

Tuna ujasiri wa ajabu hii nchi. Tulipeleka wanariadha wenye ulemavu wa akili hadi Berlin 2023 kwa michezo ya Special Olympics, na bendera wakashika. Berlin tunafika. Thika Road hadi kwa darasa ndiyo imetushinda.

Najua kile mtasema, kwa hivyo wacha tuende moja moja.

"KUCCPS inataka C+ kwa digrii. Tushushe viwango?" Hapana. Hakuna mtu ameomba Siz apewe digrii ya udaktari ndio tufurahi. Soma tena: nimesema mlango, sijasema zawadi. Chuo kikuu kinaweza kuwa na programu ya miaka miwili yenye cheti chake, na mwanafunzi anaingia madarasa ya kawaida yanayomfaa: muziki, kilimo, filamu, upishi, michezo. Anapewa kazi kwa kiwango chake na anapimwa kwa kile amejifunza. Digrii yako haipungui hata gramu moja. Mbona hatukusema viwango vimeshuka wasioona walipoanza kusoma na Breli? Mwenye kiti cha magurudumu tunamjengea njia ya mteremko, na hakuna anayesema amependelewa. Njia ya mteremko ya Siz ni mtu wa kukaa naye, muda wa ziada, na notisi zilizoandikwa kwa lugha nyepesi. Na tuwe wakweli, hizo notisi nyepesi nusu ya darasa langu pia wangezitaka.

"Pesa iko wapi?" Hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu vyuo vya umma vina madeni ya mabilioni na wahadhiri wamegoma 2024, wakagoma tena 2025. Lakini sijaomba jengo jipya. Madarasa yapo. Wanafunzi wa elimu maalum wapo, na wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi kila mwaka. Wanaweza kuyafanya hapo hapo kampasi, wakiwa wasaidizi wa wenzao. Anzeni na watu kumi. Kumi! Kuna mikutano ya hoteli Naivasha inayokula pesa kuliko hiyo. Na pia tujiulize gharama ya kutofanya kitu ni nani anailipa. Inalipwa na mathe, ambaye hajawahi kwenda mahali siku mbili bila kuwaza nani atabaki na Siz. Hiyo haiko kwa bajeti ya serikali, kwa hivyo tunajifanya haipo.

"Hata wenye digrii hawana kazi, huyu atafanya nini nayo?" Hii ndiyo nasikia sana base, na inatoka kwa watu wenye roho safi. Nina rafiki alisomea takwimu, leo anauza smocha Donholm. Lakini ona vile swali limekaa. Kwa sababu nchi imewaangusha waliosoma, basi wale hawajasoma wasijaribu? Hakuna mtu alikuambia wewe usiende kampasi kwa sababu hakuna kazi. Walikuchangia harambee.

Na hapa acha niongee kama mtu aliyetoka bila cheti. Mimi kampasi sikutoka na karatasi, lakini sikutoka mikono mitupu. Nilijifunza kuishi mbali na mathe. Nilijifunza kupika ugali ambao haurudi kuwa uji. Kuhariri video nilifundishwa na jirani wa hosteli saa nane usiku. Hawa wasee wawili wananisaidia kushuti mpaka leo, tulipatana foleni ya mesi. Nilipendana na mtu, tukaachana, nikapona. Nilibishana na watu wa kaunti ambazo sijawahi kukanyaga. Kila kitu ninachofanya leo kikiniletea mkate kilianzia pale, na hakuna hata kimoja kilichohitaji C+. Hivyo ndivyo vitu Siz amenyimwa. Tunaongea kama kampasi ni mtihani tu, na sisi wote tuliopita huko tunajua mtihani ulikuwa sehemu ndogo.

Marafiki wa Siz ni akina nani? Ni mathe, mimi, na wateja. Wale wa kitengo maalum walitawanyika, kila mmoja kwa nyumba yao, na hakuna mahali pa kupatana tena. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900,000 wenye ulemavu Kenya, na zaidi ya 200,000 kati yao walikuwa na shida kubwa ya kukumbuka au kumakinika. Sio wote wana ulemavu wa akili, wengine ni wazee. Lakini jiulize uliona wangapi leo. Ukitoka kwako hadi tao, kwa matatu, benki, ofisini, supermarket, uliwaona? Wako kwa nyumba. Kwa hizi ploti zetu, nyuma ya mapazia.

"Watadhulumiwa huko kampasi." Hii hoja siichezei. Kampasi kuna watu wabaya, na kuna wahadhiri wa kuombea. Mathe anaogopa hii kuliko zote, na ana haki. Lakini mtaani hakuna watu wabaya? Mtu aliyefungiwa nyumba siku nzima peke yake, asiyejua kusema hapana kwa sababu kila mtu amemwamulia tangu azaliwe, huyo yuko salama? Anayejua haki zake, mwenye marafiki watano wanaomuuliza mbona leo hukukuja darasani, huyo ndiye ana ulinzi. Kuta hazilindi mtu kama watu wanaomjua jina.

Na msiniambie hii kitu haijawahi kufanyika duniani. Alberta, Kanada, walianza 1987, kabla wengi wetu tunaosoma hii hatujazaliwa. Marekani ilibadilisha sheria 2008 ili wanafunzi wenye ulemavu wa akili waweze kupata msaada wa karo wa serikali, na leo kuna programu za aina hii katika vyuo zaidi ya 300. Trinity College kule Dublin, chuo kilichoanzishwa 1592, kina kozi ya miaka miwili ya wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Na Uhispania kuna Pablo Pineda. Ana sindromu ya Down, kama Siz, na alimaliza digrii kule Málaga. Sisemi kila mtu atakuwa Pineda. Pia sio kila mtu anayeingia kampasi anakuwa profesa, wengine wetu tuko hapa tunatengeneza video.

Hizo ni nchi tajiri, utasema. Ni kweli. Lakini elimu ya msingi bila malipo pia tuliambiwa ni ya matajiri, na Januari 2003 watoto wakajaa madarasa hadi wengine wakakaa sakafuni. Tulianza vibaya, tukarekebisha tukiendelea. Hatukungoja tuwe Uswizi.

Kwa nini naongea sasa? Kwa sababu ya tarehe. Kundi la kwanza la CBC liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Hao wanatarajiwa kufika vyuo vikuu 2029. Kwa hivyo sasa hivi, hii miaka mitatu, ndiyo masharti ya kuingia kampasi yanaandikwa upya, kwa sababu C+ ya KCSE inaenda na KCSE. Kalamu iko mezani. Ikiwa hakuna mtu atauliza kuhusu wale wa njia ya ngazi, watasahaulika tena kwa miaka mingine thelathini, halafu tutaambiwa mfumo haukuwa umewapangia.

Nataka vitu vitatu, na hakuna hata kimoja cha ajabu. Wizara ya Elimu iandike njia kutoka ngazi ya ufundi hadi chuo kikuu, hata ikiwa nyembamba. Chuo kimoja cha umma hapa Nairobi au karibu, kianze na wanafunzi kumi na cheti cha miaka miwili, na watu wenye ulemavu wa akili wenyewe wawe kwa kamati inayopanga. Na nyinyi makomredi mlio ndani, ulizeni. Nendeni kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi mseme: tuna wanafunzi wangapi wenye ulemavu wa akili? Jibu likiwa sifuri, ulizeni kwa nini. Wanasiasa wa kampasi wanaomba kura kila mwaka na ahadi za Wi-Fi. Wapeni na hii.

Kabla sijaandika nilimuuliza Siz kama naweza kuweka hadithi yake hapa. Akataka nimsomee yote. Nilisoma pole pole, mara mbili. Alinisimamisha mahali pawili. Kwanza akasema sio kalamu tatu, zilikuwa nne. Halafu akaniuliza wewe uliacha kwa nini, kama ilikuwa poa hivyo?

Sikuwa na jibu zuri. Nikamuuliza yeye angesomea nini. Akasema kupika, na kuimba, na "ile ya kuongea na watu". Nikamwambia hiyo ya kuongea na watu inaitwa mawasiliano. Akaniandikisha hilo neno kwa kitabu, herufi moja moja, akalifunika na mkono nisione kama amekosea.

Ile begi ya zambarau bado iko nyuma ya mlango. Zipu iliharibika mwaka jana, akaipeleka kwa fundi Mutindwa na pesa yake mwenyewe.